Kuchora Ukiujua Mkasi

Mchora nguo hodari hutambulika kwapani. Kifuani hata mwanafunzi hupendeza, kwa kuwa pana nafasi na jicho la mtazamaji halina haraka. Ila pale mkono unapokutana na ubavu, kola inapopinda shingoni, mfuko unapoketi juu ya moyo, ndipo hujulikana kama aliyechora aliwahi kuwaza kwamba kitambaa chake kitakatwa.

Tazama vikwembe vya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Hapa Bunia, mjini kwetu Ituri, kutoka mtaa wa Bigo hadi Boulevard de Libération, akina mama hupita wamevaa sare ya siku yao, na mtaa mzima hung'aa. Kitambaa kikiwa kimekunjwa sokoni hakina dosari. Kikishashonwa, kaulimbiu hukatika katikati ya neno, na uso uliochapwa ili uheshimiwe huangukia mahali pa kukalia. Fundi wa cherehani hana kosa. Kapewa jora lililochorwa na mtu asiyejua kama litakuwa gauni, shati au pazia.

Ndivyo vitenge vya nta vilivyojengwa tangu mwanzo. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, kiliiga batiki ya Java kwa mashine: rola huchapa mchoro kwa kitu kinachozuia rangi, kitambaa huchovywa, mchoro hujirudia yadi kwa yadi. Ni sanaa kubwa, na mipasuko midogo ya nta huipa uhai. Lakini mchoraji wake huishia kwenye ukingo wa kitambaa. Mwili wa mvaaji ni kazi ya mwingine.

Kuchora kwa vekta kumefungua njia nyingine. Picha ya kamera ni vidoa vya rangi vilivyopangwa. Ukiikuza, vidoa hujitokeza. Mchoro wa vekta ni maelekezo: nukta moja hapa, nyingine pale, na katikati yake mstari unaopinda kadiri unavyovuta vishikio vyake. Hesabu ya mipindo hiyo ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliishughulikia akiwa Citroën kuanzia 1959, na Pierre Bézier akaieneza akiwa Renault katika miaka ya 1960. Walitaka bati la gari lipinde bila kigugumizi. Leo mpindo uleule huchora shingo ya korongo au jani la muhogo, hukua toka ukubwa wa kifungo hadi wa ukuta bila kuchakaa, na faili lake jepesi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Inkscape, programu iliyoanza mwaka 2003, hutolewa bure, na kompyuta ya mtumba huiendesha.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni kwamba vekta inaruhusu kuanza na mkasi. Kabla ya ua wala mstari, namwomba fundi vipande vyake vya karatasi: vifua viwili, mgongo, kipande cha mabega, mikono, kola, mfuko. Navihamishia kwenye skrini kwa sentimita halisi, kila kimoja na nafasi ya mshono, kisha navifunga kwenye tabaka lao ili visisogee. Mchoro huota ndani ya mipaka hiyo.

Chukua upande wa vifungo. Anayeanza hulinganisha kingo za vifua viwili. Shati likifungwa, mchoro unaruka, kwa sababu kifua kimoja hupanda juu ya kingine. Mistari haina budi kukutana penye vifungo, na kilichozidi kijifiche chini. Kwa hiyo navilaza vifua kama vitakavyofungwa, nachora juu ya vyote viwili kama kitu kimoja, ndipo navitenganisha. Mfuko nao naukata katika mchoro kutoka mahali palepale utakaposhonwa. Ukifanikiwa, mwenye shati huutafuta kwa vidole.

Katika kurudia, kompyuta haina mpinzani. Unachora umbo mama, unalizalia nakala mia. Ukibadilisha rangi ya mama, watoto wote hubadilika papo hapo. Kinachotokea kwenye ukingo wa kulia wa kigae, yaani kipande kinachojirudia, kiingie kwenye ukingo wa kushoto, na kila safu ikishushwa nusu, jicho halioni pa kuungia. Mtego uko katika urahisi huo. Nakala mia zinazofanana kabisa huchosha kabla mvaaji hajafika mwisho wa barabara.

Hapo Ituri ina la kufundisha. Katika msitu ulio magharibi ya mji wetu, wanaume wa Kimbuti walitwanga gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu mpaka lilainike kama kitambaa, na wanawake wakalichora kwa vidole na vijiti, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Mistari hukimbia sambamba, ghafla inakatika. Vidoa hujaa upande mmoja, upande wa pili huachwa mtupu. Vipande hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimenyooshwa ukutani kama picha, ilhali vilikusudiwa kufungwa kiunoni na kutembea. Mchoraji hakuwa mbali na mvaaji. Alijua gome litakunjwa wapi.

Sinakili alama zao. Nachukua ujasiri wao wa kukatiza. Nikishapanga safu zangu, natenga baadhi ya nakala na mama yao: moja naigeuza, nyingine naifuta kabisa, na mwanya nauelekeza mgongoni, ambako shati hupata eneo pana zaidi. Rangi nazipunguza hadi tatu, maana katika uchapaji wa skrini kila rangi hudai skrini yake na gharama yake. Mwishowe nachapa vipande kwa ukubwa kamili kwenye karatasi za A4, nazigundisha, namvisha mtu. Ua lililokuwa dogo kwenye skrini ya kompyuta mara nyingi huwa kubwa mno begani, na ni nafuu kuligundua kwenye karatasi kuliko kwenye pamba.

Kiwanda cha mbali kinatushinda kwa mashine, kwa rangi na kwa mtaji. Hakitushindi kwa umbali wa kutoka meza ya mchoraji hadi cherehani, ambao hapa ni wa kuvuka barabara. Anayechora Bigo anaweza kuuliza asubuhi bega la mteja lina upana gani, na akarekebisha mchoro kabla ya jua kuzama. Mchora shati asiyeitumia nafasi hiyo anabaki kuwa mchora majora kama wengine, tena asiye na kiwanda.