Dakika Tatu na Sekunde Arobaini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado inang'ata vidole, niliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la bafuni, nikafungulia maji ya moto na kuanza kuhesabu kwa saa ya simu. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu ya hoteli kongwe, mojawapo ya zile zilizojengwa kupokea mawaziri, mameneja wa benki na wanunuzi wa mahindi. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayoyaeleza nimeyakuta katika hoteli nyingi za rika lake. Ndoo ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 40, maji yakiwa baridi kama ya mtoni. Nikaiondoa, nikaweka beseni. Uvuguvugu ulifika ilipotimia dakika ya 3 na sekunde 40.

Ndoo ile inatosha kutuambia mengi. Lita 20 kwa sekunde 160 ni lita 7.5 kwa dakika, kwa hiyo hadi maji yapate moto zilikuwa zimetoka lita 27 na nusu. Bomba la chuma la inchi moja hubeba takriban lita 0.58 kwa kila mita. Ukigawanya, unapata mita 47. Nilishuka ngazi nikihesabu hatua: kutoka bafuni hadi kwenye uwazi wa mabomba, chini ghorofa tatu, kisha kupitia uani hadi chumba cha boila nyuma ya jiko. Umbali ulikaribiana sana na hesabu yangu. Maana yake ni kwamba maji yote yaliyokuwa ndani ya bomba, kutoka boila hadi kwangu, yalikuwa yamelala humo usiku kucha na kupoa. Boila ilikuwa nzima. Maji ndiyo hayakuwa yanazunguka.

Waliojenga hoteli za hadhi za miaka ya 1960 na 1970 walilijua tatizo hili, na dawa yake waliiweka ukutani. Boila hupasha maji, tangi huyahifadhi, kisha hutoka mabomba mawili, si moja. La kwanza hupanda na kupita karibu na kila chumba. La pili, jembamba zaidi, huyarudisha kwenye tangi maji ambayo hayakutumika. Katikati huwekwa pampu ndogo inayoyasukuma polepole usiku na mchana. Mgeni akifungulia bomba, maji ya moto yanakuwa tayari yako karibu na mlango wake, kama muuza chai anayepita mabehewani, na kilichobaki ni kuyapokea. Huo ndio uliokuwa utajiri wa kweli wa hoteli hizi. Vinara vya ukumbini na viti vya ngozi viliweza kununuliwa na yeyote. Mfumo wa maji ya moto yanayozunguka ulihitaji mhandisi aliyeufikiria kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Nilipowaeleza mapokezi, dada aliyekuwa zamu alinipa pole kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo naamini limesemwa katika kila hoteli ya namna hii: mgeni wa chumba kilicho chini yangu ameoga na hakulalamika. Alisema kweli. Vyumba vilivyopangana wima hutumia bomba moja la kupandia. Anayeoga wa kwanza ndiye anayemwaga maji baridi ya wote, na anayemfuata dakika kumi baadaye anapata moto mara moja. Kwa hiyo daftari la malalamiko linaonyesha fujo: leo ghorofa ya tatu, kesho ya pili, keshokutwa hakuna. Meneja akilisoma anaona wageni wasioridhika na lolote. Anayejua mabomba anaona ugonjwa mmoja tu, unaompata kila siku yule aliyeamka mapema. Na katika mji huu wa wakimbiaji na wakulima, wanaoamka mapema ni wengi.

Fundi wa hoteli, mzee aliyekaa hapo tangu ujana wake, alinionyesha mwenyewe. "Pampu ilikufa, kijana. Tukaitengeneza, ikafa tena." Nikamuuliza, "Na bomba la kurudi, mzee?" Akaniambia lilianza kuvuja juu ya dari ya ukumbi wa mikutano, wakati wa semina. Doa likaonekana mbele ya wageni. Jioni ile ile akaamriwa alikate na kuliziba ncha zote mbili. Baadaye dari ikawekwa jipsamu mpya, na bomba likasahaulika.

Simlaumu mzee huyu hata kidogo, aliokoa semina. Lakini uamuzi wa jioni moja uliachwa ukawa mfumo wa kudumu, na hapo ndipo hoteli ilipoanza kuzeeka kwelikweli.

Kwa nini bomba la kurudi ndilo hutoboka? Chuma cha mabomba hayo kilipakwa zinki ili zinki iliwe badala ya chuma. Maji yakipita nyuzijoto 60 hivi, kinga hiyo hudhoofika, na chuma huanza kuliwa kwa madoa madoa badala ya kuchakaa sawasawa. Bomba la kurudi ni jembamba, lina moto saa zote, na maji yake hayapumziki. Mombasa adui ni mwingine: maji ya visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe hujaza mabomba chokaa mpaka yanabana. Eldoret hunywa maji ya mabwawa ya nyanda za juu kama Chebara, ambayo hayana chokaa nyingi ya kutandaza utando wa kulinda chuma. Pwani bomba huzibika. Huku juu huliwa. Ukiona maji ya rangi ya chai kwa sekunde chache za mwanzo asubuhi, ujue ni kutu ya usiku.

Baada ya bomba kukatwa, mambo yalifuatana. Wageni walinung'unika, na hoteli ikafunga shawa za umeme katika baadhi ya vyumba. Shawa moja ya aina hiyo huvuta kilowati 5 na zaidi. Arobaini zikiwashwa pamoja kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, unahitaji kilowati 200 kwa ajili ya kuoga tu, kabla ya jiko, lifti na taa. Nyaya za jengo hazikutandazwa kwa mzigo huo. Stima ikipotea, jenereta huachiwa kazi ambayo haikununuliwa kwayo, na hapa mwinuko wa Eldoret unaingia. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji huchemka karibu na nyuzi 93, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda. Jenereta iliyoandikwa kilowati 200 kiwandani hutoa hapa kama 160. Hivyo asubuhi ile stima ilipokatika, jenereta ilinguruma, taa zikafifia, na shawa za umeme zikawa baridi kuliko bomba langu. Chanzo cha yote hayo ni pampu ambayo ukubwa wake haumzidi kuku.

Lipo jambo zito kuliko usumbufu, nami nalisema kwa uangalifu. Bomba lililozibwa ncha likiachwa limeungana na mfumo huwa na maji yasiyokwenda popote: si ya moto wala si ya baridi. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria waitwao Legionella huzaliana. Hawadhuru kwa kunywewa. Huingia mapafuni kwa mvuke na matone madogo ya shawa. Jina lao lilitokana na mkutano uliofanyika hotelini. Julai 1976 askari wastaafu wa American Legion walikutana Bellevue-Stratford huko Philadelphia, hoteli ya fahari iliyofunguliwa 1904 na iliyokuwa imeshazeeka. Wanachama 29 wakafa kwa nimonia isiyojulikana. Joseph McDade wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, alimtambua bakteria huyo, na matokeo yakatangazwa Januari 1977. Hoteli yenyewe ilikuwa imefungwa tangu Novemba, kwa kukimbiwa na wageni. Kule mitambo ya kupooza hewa ndiyo iliyoshukiwa zaidi. Eldoret haihitaji mitambo hiyo, dirisha linatosha. Kwa sababu hiyo, hapa macho yote yanapaswa kuwa kwenye maji ya moto: tangi lisishuke chini ya nyuzi 60, maji yanayorudi yasipungue 50, na bomba lisilotumika likatwe pale pale linapoungana na lingine, lisiachwe kipande kipofu.

Nayasema haya kwa sababu naziamini hoteli hizi. Zimefanya kazi ambazo hoteli mpya bado hazijaulizwa kama zinaziweza. Sirikwa, ambayo siyo niliyolala safari hii, kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo hoteli kubwa ya Eldoret. Ilichukua jina la watu wa kale walioacha mashimo ya mazizi katika miteremko ya nyanda hizi. Oktoba 2002 mji ulipokea mkutano wa amani wa Somalia chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili. Rais Moi aliufungua tarehe 15, na tarehe 27 makundi yalitia saini tamko la kusimamisha mapigano. Waliotarajiwa walikuwa mia tatu na ushei. Waliofika waliwazidi kwa mbali. Hebu fikiria hilo kwa jicho la fundi: wakuu wa makundi yenye silaha, wasioaminiana, wakilala, wakila na kuoga katika vyumba vilivyotakiwa kujaa usiku baada ya usiku, wiki baada ya wiki. Hoteli ya biashara imepimwa kwa kujaa Jumanne na kupumua Jumapili. Mkutano wa namna ile hauachi Jumapili.

Februari 2003 Balozi Bethuel Kiplagat, aliyekuwa amepewa usukani wa mazungumzo hayo mwezi uliotangulia, aliuhamishia mkutano Mbagathi, Nairobi, katika chuo, ili kupunguza gharama. Alifanya hesabu iliyo sahihi. Bei ya hoteli ya hadhi si bei ya kitanda. Ni bei ya boila iwakayo saa 24, pampu, nguo za kufuliwa na fundi wa usiku. Ukimweka mtu miezi, unanunua vitu hivyo kila siku. Chuo kina bweni na kantini, na hakimdai mgeni gharama ya maji yanayozunguka wakati amelala.

Hoteli zetu nyingine za rika hili zimepita njia tofauti. Hilton ya Nairobi, iliyofunguliwa 1969, ilifunga milango Desemba 2022. Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyojengwa miaka ya 1960, ilifumuliwa ndani na kurudi 2005 ikiwa hoteli mpya katika umbo la zamani. Wenye mtaji mdogo huchagua njia ya tatu, na chumba changu kilikuwa ushahidi wake: rangi mpya, zulia jipya, televisheni pana ukutani, na nyuma ya ukuta huohuo bomba la tangu siku ya ufunguzi. Eldoret ilipandishwa kuwa jiji Agosti 2024, na kuna hoteli mpya zaidi kama Boma Inn na Eka. Hoteli kongwe haiwezi kushindana nazo kwa televisheni. Inaweza kushindana kwa kile ilichonacho: kuta nene, vyumba vipana, bustani ya kukutania, na wahudumu wanaomkumbuka mgeni kwa jina la baba yake. Vitu hivyo havinunuliki leo, lakini hakuna atakayevithamini akiwa anatetemeka bafuni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye hoteli hizi ni kugeuza mpangilio wa ukarabati. Kabla ya mpaka rangi, aitwe fundi wa mabomba. Bomba la kurudi liwekwe upya kwa plastiki ya PPR, ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri na ambayo haijui kutu. Zinunuliwe pampu mbili, moja ikiwa kazini na nyingine kabatini. Kipimajoto kifungwe mahali maji yanaporudi kwenye tangi, na anayeingia zamu aandike nyuzi zake kila asubuhi. Uwazi wa mabomba upewe mlango wenye kitasa ili wa kesho asilazimike kuvunja ukuta. Hayo yakishakamilika, pakeni rangi mnayoipenda.

Nawe msomaji, ukilala katika hoteli kongwe na maji yakachelewa, usiandike tu kwamba maji yalikuwa baridi. Andika chumba, saa, dakika ulizosubiri na ndoo ulizojaza. Nilimwachia yule mzee karatasi yenye tarakimu zangu: chumba, saa, lita 27 na nusu, mita 47. Aliikunja, akaitia mfukoni, akasema ataipeleka kwa meneja Jumatatu.