Pongezi kwa Wanakili wa Vienna

Tarehe 11 Februari 1785, katika ukumbi wa Mehlgrube jijini Vienna, Mozart alipiga kwa mara ya kwanza konseto yake ya piano namba 20. Baba yake, Leopold, aliyewasili siku hiyohiyo, alimwandikia binti yake kwamba alipofika, mnakili alikuwa bado anainakili, na Mozart hakupata hata nafasi ya kuijaribu sehemu ya mwisho kwa sababu alikuwa akisimamia unakili huo. Hata hivyo Leopold aliisifu okestra. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, ina mwenyewe mwingine: kila mpigaji alisoma karatasi iliyoandikwa na mnakili kwa mkono, nota baada ya nota, na kosa moja lingeweza kuvuruga kundi zima mbele ya wateja waliolipa.

Wapo watakaosema wanakili walikuwa wezi, na kweli Mozart aliwashuku kuuza nakala za siri; ndiyo maana aliwaweka nyumbani kwake waandike mbele ya macho yake. Lakini haiibwi kazi isiyo na thamani, wala haiibi asiyeimudu. Wengi wao hata majina hatuyajui. Wanastahili kutajwa kwenye kila historia ya konseto za Mozart.