Pongezi kwa Wachimbuzi wa Tumbe

Mwenye kutafiti asili ya bastola kongwe ya shabaha huanza na nambari iliyochongwa chumani, akaifuata hadi daftari la kiwanda. Ilhali Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wanaakiolojia waliochimbua kijiji cha kale cha Tumbe kisiwani Pemba, hawakuwa na nambari wala daftari, na kwa sababu hiyo nawastahi mno. Kwa subira iliyo nadra walivilinganisha vigae vya kibuluu vilivyoletwa na jahazi kutoka Ghuba na vile vya wafinyanzi wenyeji, hata ikabainika kwamba kijiji hiki kilistawi baina ya karne ya 7 na ya 10. Kinachonistaajabisha hasa ni vigae vyenye vijifereji vyembamba, vingi ajabu, ambamo mafundi wa Pemba walisugulia shanga za makombe.