Seli si ya polisi pekee: Kiswahili kina kazi katika somo la sayansi

SOMO la seli za mimea na wanyama huwatatiza wanafunzi wengi wa sekondari msingi. Aghalabu lawama huelekezwa kwa ukosefu wa hadubini. Katika makala haya nashikilia kwamba tatizo jingine, tena kubwa, ni la lugha, na tiba yake haihitaji pesa.

Nimewahi kuketi katika vipindi vya sayansi mjini Lodwar na pia Kakuma. Mwalimu hufunza kwa Kiingereza, kama mtaala unavyotaka. Mbele yake wameketi Waturkana na, kule Kakuma, watoto wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi, kwa kuwa shule za kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1992 hufuata mtaala wa Kenya. Wengi wao hukutania Kiswahili uwanjani na sokoni. Darasani kinanyamazishwa.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, si seli ni pale polisi hufungia watu?" Wenzake wakacheka, somo likaendelea. Hapo fursa ilipotea. Mwaka wa 1665, Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha koki kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo. Seli ya polisi na seli ya mmea zina babu mmoja! Tena Hooke aliona kuta tupu, maana koki ni tishu iliyokufa. Swali la mtoto lingetosha kufungulia mada nzima.

Sisi wanalugha nasi tuna lawama. Baadhi yetu huandika seli, wengine chembehai, wengine chembe. Neno chembe linatumika pia kwa punje na kwa vijisehemu vya maada katika kemia. Napendekeza tushike seli. Istilahi kiini nayo inahitaji uangalifu. Kiini cha yai ni ile sehemu ya manjano, ambayo ni akiba ya chakula cha kifaranga. Kiini cha seli hubeba taarifa za urithi na kuongoza shughuli za seli. Basi tusiseme kiini tu. Tuseme kiini cha seli.

Kosa linaloniudhi zaidi hutokana na lile jedwali la safu mbili: mmea una ukuta, mnyama ana utando. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba seli ya mmea haina utando. La hasha! Inavyo vyote viwili.

Turkana ina mifano tele ya kuliweka hili wazi. Chukua kiriba cha ngozi kilichojaa maji. Kinalegea, kinabonyea, kinabadilika umbo. Hiyo ndiyo seli ya mnyama. Sasa kitie kiriba hicho ndani ya kikapu kilichosukwa kwa majani ya mkoma. Hiyo ndiyo seli ya mmea. Kikapu huhifadhi umbo lakini hupitisha maji, kama ukuta wa selulosi. Ngozi iliyo ndani ndiyo utando. Bila shaka mfano una mipaka: kiriba hakina uhai, ilhali utando huchagua kinachoingia na kinachotoka.

Ushahidi nao uko sokoni Lodwar. Jua likiwaka, sukuma wiki hunyauka kwa sababu seli zake zimepoteza maji na hazisukumi tena kuta zake. Mama mboga akiinyunyizia maji mapema, hukakamaa tena. Hiyo ni sayansi kamili, bila hadubini.

Najua nitaambiwa, "Lakini mtihani ni wa Kiingereza." Ni kweli, na sipendekezi istilahi za Kiingereza zitupwe. Nasema mwanafunzi aelewe kwanza, kisha apewe jina la mtihani. Tanzania hufunza sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, na TUKI ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990. Istilahi zipo. Walimu wetu waruhusiwe kuzitumia bila kuonekana kwamba wanavunja sheria, hasa pale ambapo darasa zima lina lugha hiyo moja tu ya kuelewana.