Utawala na Ukweli katika Merikebu ya Angani: Uhakiki wa Riwaya Tatu za Beth Revis

Riwaya za kisayansi zinazoandikiwa vijana hazijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki. Mara nyingi huhesabiwa kuwa vitabu vya kupitishia wakati, na huachiwa wanafunzi wazisome wakiwa likizoni. Hata hivyo, mtunzi anayewatoa watu duniani na kuwafungia ndani ya chombo kimoja hana budi kuamua nani atawale, nani alime, na nani aujue ukweli. Uamuzi huo ni wa kisiasa, hata kama kitabu chenyewe kinajinadi kuwa kisa cha mapenzi. Jambo hili linadhihirika katika riwaya tatu za Mmarekani Beth Revis: Across the Universe (2011), A Million Suns (2012) na Shades of Earth (2013).

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Amy, msichana wa miaka 17, anagandishwa pamoja na wazazi wake ndani ya chombo kiitwacho Godspeed, ili waamshwe baada ya karne tatu watakapofika katika sayari mpya. Mtu fulani anamwamsha kabla ya wakati wake. Anakuta chombo kina wakazi zaidi ya 2,000, wazao wa mabaharia wa kwanza, wote wa rangi moja ya ngozi na nywele za aina moja, chini ya mtawala aitwaye Eldest. Mrithi wa mtawala huyo ni kijana wa miaka 16, Elder. Amy, mwenye ngozi nyeupe na nywele nyekundu, anatazamwa kama kioja.

Uwezo wa Revis unaonekana hasa katika kuichora dola hii. Eldest anafundisha kwamba tofauti baina ya watu, ukosefu wa kiongozi mmoja mwenye nguvu, na fikra za mtu binafsi ndivyo vyanzo vya fitina. Basi maji ya kunywa yanatiwa dawa iitwayo phydus, na umma unalima, unakula na kutii bila huzuni wala furaha. Wachache wanaohitajiwa kwa vipawa vyao, kama mchoraji Harley, wanakingwa na dawa hiyo kwa vidonge, lakini wanawekwa hospitalini na kuambiwa kwamba ni wendawazimu. Hapa kejeli ya mtunzi ni kali: mwenye akili timamu ndiye aitwaye mgonjwa. Hata nyota anazoonyeshwa Elder mwanzoni si nyota bali ni taa. Katika kitabu cha pili inafichuka kwamba chombo kilikwisha kufika kwenye sayari kilichoiendea, nao wakazi wakafichwa habari hiyo. Utawala uliodai kuwavusha watu ulikuwa ukiishi kwa kutofika kwao.

Lakini dhamira hii ina ufa. Katika kitabu cha kwanza, mhusika Orion anawaua baadhi ya waliogandishwa. Sababu anayoitoa ni nzito: waliogandishwa wana elimu ya dunia na elimu ya vita, na siku watakapoamshwa watawafanya waliozaliwa chomboni kuwa askari wao au watumwa wao. Hili ni swali la kitabaka, tena ndilo swali kuu la safari nzima. Wale waliozalisha chakula kwa vizazi vingi watapata nini wakifika? Revis amelitia swali hilo kinywani mwa muuaji, na kwa hiyo msomaji kijana anashawishika kumkataa msemaji pamoja na usemi wake. Ni haki kuongeza kwamba mtunzi hakulisahau swali lenyewe. Katika kitabu cha tatu, baada ya kutua, baba yake Amy, ambaye ni mwanajeshi, anashika amri, na mamlaka ya Elder yanapungua mbele ya watu wake mwenyewe. Orion hakukosea katika hofu yake. Alikosea katika dawa aliyoichagua. Kama jambo hili lingalitamkwa wazi, riwaya hizi zingalipata uzito zaidi.

Ufa huo unatokana na fani. Masimulizi ni ya nafsi ya kwanza, nayo yanapokezanwa na Amy na Elder, sura kwa sura. Mbinu hii inaleta ukaribu na wasiwasi unaomvuta msomaji. Hata hivyo, mmoja wa wasimulizi ni mgeni na mwingine ni mtawala mtarajiwa. Mkulima wa Godspeed hasimulii hata sura moja. Hata dawa inapoondolewa majini na watu kuanza kugoma na kuteta, uasi wao unaonekana kwa macho ya kijana anayejaribu kuutuliza. Ukombozi unaelezwa na mkombozi, waliokombolewa hawaulizwi.

Wanalugha nao wana la kujifunza katika majina ya watawala. Elder na Eldest ni vyeo vilivyomeza majina ya watu. Kiingereza kinajenga ngazi hiyo kwa viambishi tamati, ambapo Kiswahili hakina budi kutumia maneno kamili. Mfasiri akiandika "Mzee" na "Mzee Mkuu", ataleta heshima ambayo msomaji wa Kenya huihusisha na umri, busara na historia ya siasa. Kumwita mvulana wa miaka 16 "Mzee" kutachekesha, na huenda kicheko hicho kikaifichua hila ya mfumo huo kuliko matini asilia.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), naye alimrusha mhusika wake Dzombo angani, akamfikisha kwenye jamii ambayo jina lake husomeka "wale ni sisi". Kwa Mkangi, safari ni njia ya kuuona mfumo mwingine wa maisha. Kwa Revis, mfumo wa zamani unapanda chomboni pamoja na abiria. Maono ya Mkangi yana matumaini zaidi. Onyo la Revis ni la kweli zaidi. Riwaya zake zinastahili kusomwa na kufundishwa, mradi mwalimu asisahau kuuliza swali la Orion bila kisu chake.