Mkono Unaojua Kuacha

Anayetaka kujua kama msitu wa maweni nyuma ya Jambiani unatunzwa, aangalie visiki kabla ya vibao.

Kisiki cha fundi kiko chini kabisa, karibu kugusa jiwe, na kimekatwa mshazari ili maji ya mvua yateleze yasituame juu ya jeraha. Gome limebaki limeshikamana na mti pande zote, halikuchanika. Hapo ndipo chipukizi zinapotokea, nyingi kwa pamoja, zikigombea jua. Akipita tena msimu mwingine, mkataji anapunguza zile dhaifu na kubakisha mbili au tatu zilizonyooka. Kisiki cha mwenye pupa nacho hujitambulisha: kimefika gotini, kimepasuka katikati, gome linaning'inia.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu ya ardhi yenyewe. Upande huu wa Unguja udongo ni wa kugombania. Unakaa kwenye vishimo na nyufa za jiwe la matumbawe, na mbegu inayoanguka juu ya jiwe tupu hukauka. Mzizi uliokwisha kuipata njia katika ufa ni mali ya miaka mingi. Anayekata vizuri huchukua mti akauacha mzizi, na mzizi humrudishia mti haraka kuliko mbegu yoyote. Ninawastahi sana watu wenye ujuzi huu. Wengi wao hawajawahi kuitwa wahifadhi; wameitwa wakata kuni.

Na kuni zinatakiwa. Tanuu la chokaa hula magogo mengi kabla jiwe halijaiva. Mjini kuna majiko yanayosubiri, na pwani yetu hoteli na nyumba za wageni zinahitaji boriti, pau na fito. Msitu wenye mahitaji yote hayo mlangoni hauwezi kulindwa kwa marufuku pekee, kwani marufuku humkuta mtu na chungu kitupu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua njia nyingine, ya kijiji kukubaliana na serikali juu ya kuusimamia msitu wake. Mradi wa HIMA, ulioanza 2010 kwa fedha za Norway, ukaisambaza njia hiyo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba: hapa pasiguswe, hapa pakatwe kwa zamu, hapa palimwe.

Kuugawa msitu hivyo kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Kuugawa kwa miguu ni fani. Mpaka katika maweni hauonekani kwa macho ya mgeni. Unapita kwenye mbuyu, kwenye pango, kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nguruwe wasiingie shambani, kwenye kisima ambacho wazee tu ndio wanaokijua. Mkata kuni mzee akitembea mbele, mpaka unapata majina, na mpaka wenye majina ya watu wa hapo huheshimiwa kuliko uliochorwa na ofisi.

Kilichofanyika Jozani ni kazi ya namna hiyohiyo, kwa ukubwa wake. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, takriban kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza kwenye mtandao wake wa hifadhi za binadamu na viumbe hai. Ila mimi navutiwa zaidi na mambo madogo yaliyoifanya isimame. Barabara ya kusini inapita ukingoni mwa msitu, na magari yalikuwa yakiwaua kima punju wakivuka. Yakawekwa matuta, vifo vikapungua. Kima wanaingia mashambani kula majani machanga ya miembe na mikungu. Ikapangwa sehemu ya kiingilio cha watalii iwafikie wakulima wanaowavumilia. Sensa iliyochapishwa 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu ya waliodhaniwa kuwapo. Hata ile mitondoo mirefu inayomfanya mgeni anong'one akidhani yumo katika msitu usioguswa, mingi yake ilipandwa kwa mikono.

Pete, ng'ambo ya barabara, mikono hiyo iko kwenye matope. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama mkuki wa kijani. Mpandaji mzuri hachukui ulio mbele yake tu. Anatafuta pete ya manjano shingoni mwake, anauzungusha kidogo. Ukikubali kutoka bila kuvutwa, umeiva. Anauchomeka ncha chini, theluthi moja ndani ya tope, na kabla ya hapo ameshaangalia maji yanafika wapi bamvua likijaa. Panda mkoko mahali pa mchu na kazi yote itasombwa. Nimeona watu wakipanda haraka kwa ajili ya picha, safu zilizonyooka kabisa, na sikufurahi.

Katika Pango la Kuumbi, huku kwetu Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia na nyati, wa enzi kisiwa kilipokuwa bado kimeungana na bara. Hao hawarudi. Paa nunga bado yumo vichakani, na yeye anahitaji kichaka kizito kisichokatika katikati, kutoka shehia hadi shehia.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kamati za misitu za kusini. Vijana wetu wanafundishwa kuongoza watalii, na ni vizuri. Wapewe pia panga na mzee wa kutembea nao maweni, na mzee huyo alipwe kwa siku zake kama anavyolipwa mtaalamu anayetoka mjini. Waanze na visiki vilivyoharibika kando ya njia ya Muyuni: wavikate upya, chini, mshazari, na wahesabu chipukizi baada ya masika.