Chupa ya Chai Si Sufuria

Uamuzi ninaousimulia hapa ulikuwa wa makosa, na nalisema mapema ili tusizungushane. Mlezi amekwisha kuosha chupa za watoto kwa sabuni na brashi. Jiko linawaka, sufuria kubwa iko karibu na mguu wake. Anaiacha sufuria, anachukua chupa ya chai iliyojazwa maji ya moto tangu alfajiri, anamimina kidogo kwenye chupa ya kwanza, anatikisa, kisha anahamishia maji yale yale kwenye chupa ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Anafunga vifuniko. Kwake yeye, chupa zimechemshwa. Kwangu, na kwa yeyote anayejua kazi hii, hazikuchemshwa hata moja.

Niliyaona haya Korogwe, katika kituo cha nyumbani cha kulelea watoto ambacho sitakitaja, kwa kuwa tabia hiyo haina mwenyewe. Nimeikuta pia Handeni, kule Mkata na Chanika. Kazi iliyotangulia ilikuwa safi: kila chupa ina plasta yenye jina la mtoto, beseni la vyombo vya watoto halichanganywi na la masufuria, mikono imeoshwa kwa sabuni. Hayo yamepita, turudi kwenye kosa.

Tuufuate mkono ule taratibu. Maji yalichemka saa kumi na moja alfajiri. Mpaka saa tatu chupa ya chai imekwisha kufunguliwa mara kadhaa watu wazima wanywe chai, na kila ikifunguliwa moto unatoka. Kinachobaki kinamiminwa, kiasi cha nusu kikombe, ndani ya plastiki iliyotoka kusuuzwa kwa maji baridi. Joto linaanguka papo hapo. Halafu maji yanakaa humo sekunde chache tu. Kuua vijidudu kwa moto kunataka vitu viwili kwa pamoja, joto na muda, na hapa vyote viwili vimekosekana. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inataka vyombo vichemke kwa dakika 10 angalau. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inasema dakika 5 baada ya maji kuanza kutokota. Wanatofautiana dakika, lakini wote wanataka chombo kizame chote ndani ya maji yanayochemka. Kutikisa hakumo.

Kibaya zaidi ni kule kuhamisha maji. Nyumbani kwake, mtoto hukutana na vijidudu vya nyumba moja. Kituoni wamekusanyika watoto wa familia nyingi, na mmoja wao siku hiyo huenda anaharisha. Maji yaliyopita kwenye chupa yake, tena yakiwa yamepoa, yanakwenda kugawa alichonacho kwa wenzake. Plasta zenye majina zilibandikwa ili watoto wasichangie chupa. Maji yale yakawachangisha kwa mlango wa nyuma. Na pete na chuchu, sehemu zilizo ngumu kuliko zote kusafisha, hazikupata hata hayo maji ya uvuguvugu. Zililala kwenye bakuli zikanyunyiziwa tu.

Nilimuuliza yule mama, mtu wa makamo aliyelea watoto wa mtaa mzima: "Mama, sufuria si hii hapa?" Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, mkaa huu nikichemshia chupa, uji wa watoto nitapikia nini? Halafu tuliambiwa maji yakifika nyuzi sabini yanaua." Hoja ya mkaa nitaifikia. Hiyo ya nyuzi 70 ndiyo iliyonitia uchungu, maana ni kweli iliyowekwa mahali pasipo pake.

Kanuni ya nyuzi 70 ilitolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo, mwaka 2007, katika mwongozo wa kuandaa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Maziwa ya kopo hayatoki kiwandani yakiwa hayana kijidudu kabisa. Yanaweza kubeba Cronobacter sakazakii au Salmonella, na kwa mtoto mchanga hao ni maadui wa kufisha. Ndiyo maana mwongozo unataka maji yaliyochemka yatumike kabla hayajapoa chini ya nyuzi 70, yaani yasikae zaidi ya dakika 30 hivi baada ya kuchemka, unga ukorogwe humo, kisha chupa ipozwe haraka kwa maji ya nje na mtoto anyweshwe. Kilichokaa zaidi ya saa mbili kinamwagwa. Hapo nyuzi 70 zinafanya kazi kwa sababu maji ni mengi, unga umezama wote, na moto unakaa nao. Mwongozo huo huo, kabla ya kufika hapo, umekwisha kuagiza vyombo vioshwe na vichemshwe ndani ya sufuria yenye mfuniko. Mtu fulani amechukua sharti la kukoroga akalipeleka kwenye kuosha, na walezi wakalipokea kwa imani. Tena kwa hesabu ya dakika 30, maji ya chupa ya chai ya tangu alfajiri hayafai hata kukorogea.

Kuna jambo la pili ambalo maji ya moto hayalitatui hata yangekuwa yanachemka. Maziwa yana mafuta na protini. Yakikauka kwenye plastiki yanaacha utando, na vijidudu hujenga ndani yake. Nilishika chuchu moja pale nikaigeuza ndani nje. Kwenye ukingo wa chini, panapokaa pete, palikuwa na kamba nyembamba nyeupe, inateleza kidoleni, inanuka mtindi. Brashi ilikuwa imepita katikati ya chupa ikaruka mahali pale. Moto ukikuta utando wa namna hiyo unaupikia palepale, protini inagandamana na chombo. Kwa hiyo kuna mpangilio usiovunjwa: fungua kila kipande, suuza kwanza kwa maji baridi au ya vuguvugu, sugua kwa maji ya moto na sabuni, chuchu igeuzwe na maji yapitishwe kwenye tundu lake, suuza, kisha sufuria, kisha vibaki humo vimefunikwa mpaka vihitajike, au vikauke vyenyewe mahali safi bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni.

Watu wa maziwa ya ng'ombe wanalijua hili siku nyingi, na mkoa wetu wa Tanga ni mkoa wa maziwa. Mtaalamu wa maziwa atakukataza kubebea maziwa kwenye dumu la plastiki la shingo nyembamba. Atakutaka utumie kopo la chuma lenye mdomo mpana, mkono uingie mpaka chini. Sababu yake haina siri: usipoweza kukifikia kwa mkono au brashi, hujakisafisha. Inaniuma kwamba maziwa ya kuuza yana ulinzi huo na maziwa ya mtoto wa miezi minne hayana.

Kwa hiyo kosa lilianzia dukani, kabla ya kufika kwenye sufuria. Chupa zilizonunuliwa zilikuwa za kuvutia: shingo nyembamba, kiuno kilichobonyea ili mtoto ashike, nyingine zina mrija wa ndani na vali ya kuzuia gesi. Kila kona ni maficho na kila mrija unataka brashi yake ndogo ambayo kituo hakina. Kwa kituo cha nyumbani, chupa inayofaa ina mdomo mpana, ubavu ulionyooka, alama za ujazo zinazosomeka, vipande vichache, na chini ina namba 5 ndani ya pembetatu, yaani polipropilini, plastiki inayostahimili kuchemshwa. Ile ngumu ya polikabonati, inayoangukia kwenye namba 7, ina kemikali ya BPA. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani mwaka 2012. Chupa ya maji ya dukani iliyovalishwa chuchu ni namba 1, inalegea ikikutana na maji ya moto, isikanyage kituoni. Kioo ni kizuri, ila sakafu ya saruji na watoto wanaotambaa havipatani nacho. Hata polipropilini ina lake: mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin walionesha kwamba inaachia chembe ndogo za plastiki, na zinaongezeka kadiri maji yanavyokuwa ya moto. Basi chemshia kwenye sufuria, suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na usitikise maziwa yakiwa ya moto mkali ndani ya chupa. Chuchu iliyovimba, iliyonata au kupasuka itupwe.

Nimekuwa nikilalamikia maduka haya miaka mingi, na sitaacha. Kanuni za kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, zilizopitishwa Mei 1981, zinagusa pia chupa na chuchu, siyo maziwa ya kopo peke yake. Kuzitangaza kwa umma ni mwiko. Papua New Guinea ilikuwa imetangulia: tangu mwaka 1977 sheria yao inataka cheti cha mhudumu wa afya ndipo uuziwe chupa au chuchu. Sisi chupa zinaning'inia dukani pamoja na vibanio vya nywele, na anayeuza hajui namba ya plastiki iko wapi.

Tulikuwa na watu waliofundisha vizuri kuliko hivi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusoma, redio katikati, kijitabu mkononi. Kikundi kinasikiliza, kinasoma, kinabishana kwa nini, halafu kinakwenda kuchimba choo au kufukia dimbwi. Ubora wake ulikuwa kwenye hilo "kwa nini". Amri haikutoka kikundini bila sababu yake, na ndiyo maana haikupotea njia. Mlezi wa Korogwe alipewa namba 70 bila sababu, akaibeba kwa uaminifu mpaka mahali isipofanya kazi. Lawama naiweka kwa aliyefundisha.

Sasa mkaa. Hoja ya yule mama ni ya kweli, na anayemkaripia bila kumjibu hamsaidii. Lakini kuchemsha kunataka moto wa mara moja kwa siku. Uji ukishaiva, sufuria ya vyombo inapanda kwenye moto ule ule, imefunikwa, inatokota dakika 10, inateremshwa na mfuniko wake. Vyombo vinakaa humo mpaka vitakapohitajika. Kila mtoto akiwa na chupa za kutosha milo yake ya siku, hakuna kuwasha jiko mara ya pili. Pasipo na moto kabisa kuna dawa ya klorini ya kusafishia vyombo vya watoto: vyombo vilivyokwisha kuoshwa vinazama dakika 30, maji ya dawa yanabadilishwa kila baada ya saa 24, na vipimo ni vya kwenye kifungashio. Dawa ya kutibu maji ya kunywa, kama WaterGuard, kwa kipimo chake cha kunywa ni hafifu mno kwa kazi hii.

Handeni ina mtihani wake wa ziada. Wilaya imelilia maji vizazi na vizazi. Bomba kuu la Handeni, HTM, huvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na mradi wa maji wa miji 28 umeziweka Handeni na Korogwe zote kwenye orodha. Hata hivyo bado kuna nyumba zinazotumia dumu la maji ya lambo. Maji yenye tope yanaila klorini kabla haijafika kwenye kijidudu. Yatulizwe, yachujwe, ndipo yatiwe dawa. Wako wataalamu wanaosema mtoto aliyevuka miezi miwili, mwenye afya, kwenye nyumba yenye maji salama, chupa yake ikioshwa vizuri inatosha bila kuchemshwa kila siku. Wanazungumzia nyumba moja na maji salama. Kwenye kituo chenye watoto wengi na maji ya dumu, mimi silegezi.

Na kuna njia iliyo bora kuliko zote, ambayo manesi wa kliniki zetu waliifundisha kabla chupa hazijajaa madukani: kikombe. Kikombe kidogo kisicho na mdomo wa mrija, kinaoshwa kwa vidole viwili, hakina pete, hakina vali, hakina pa kujificha. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yananyweshwa kwa kikombe hata kwa mtoto mchanga, akiwa ameketishwa, ukingo ukigusa mdomo wa chini, yeye mwenyewe akivuta kwa ulimi, bila kumiminiwa. Inataka subira, na mlezi mmoja mwenye watoto wengi ataniambia hana muda. Nami namwambia muda wa kikombe ni mfupi kuliko muda wa kuchambua chuchu kumi kama inavyopasa.

Akina mama hawachagui kituo kwa anasa. Sheria inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, na akirudi kazini hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wa mashamba ya mkonge na wa ofisini wazidai. Anayeuza nyanya sokoni Manundu hana wa kumdai, kwa hiyo anategemea mikono ya mlezi kwa kila kitu. Afisa anayekuja kukagua kituo amkumbuke mama huyo. Kabla ya kuhesabu midoli na kutazama rangi za ukuta, aombe chuchu moja, aigeuze ndani nje, ainuse, kisha aulize sufuria iko wapi na ilichemka lini. Mlezi asiyeweza kujibu afundishwe siku hiyo hiyo, palepale jikoni kwake, na aambiwe kwa nini.